Kisima cha Mtani

Kwenye wasifu wangu wa kazi, ule ninaouambatisha kila ninapoomba kibarua cha ushauri, upo mstari mmoja ambao sijawahi kuufuta: "Mafunzo ya vitendo katika afya ya mazingira, delta ya Rufiji, uboreshaji wa chanzo cha maji." Mstari huo umenipatia kazi mbili na safari moja ya ng'ambo. Kila neno lake ni la kweli, isipokuwa uboreshaji.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba imefika mpaka vijijini, soda zimerudi madukani, na hospitalini tumeanza kuambiwa tuchangie. Sisi wanafunzi tulikuwa bado tunajiona wateule wa taifa, ingawa taifa lenyewe lilikuwa limeanza kutuangalia kama mgeni aliyepitiliza siku zake. Kila likizo ndefu tulipelekwa kwenye mafunzo ya vitendo, sisi tukiita fildi. Wenzangu wenye wajomba walipangiwa viwanda vya bia na hoteli za Dar es Salaam, wakapime usafi wa jikoni huku wakilishwa kuku. Mimi mjomba wangu alikuwa Tabora akilima tumbaku. Nikapangiwa Rufiji.

Nilikwenda na fomu ya tathmini yenye visanduku vitatu: tatizo, hatua iliyochukuliwa, matokeo. Ilijulikana kwamba anayepata A ya fildi hutazamwa kwa jicho zuri siku ya kuchagua wa kubakizwa chuoni kufundisha. Nilitaka kubakizwa. Nilitaka kuvaa shati la mikono mirefu, kubeba chaki, na kuitwa mwalimu na watu walionizidi umri. Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nilichofanya nilikifanya kwa kuwapenda watu.

Bwana afya wa Kibiti alinipokea katika ofisi yenye pikipiki iliyokufa na maboksi ya fulana za kampeni iliyokwisha. Alikuwa mtu mzima, mchovu, anayezungumza huku akiangalia dirishani kama anayesubiri mtu amwite aondoke. Alisoma barua yangu ya utambulisho mara mbili, si kwa kutoielewa, bali kwa kukosa kingine cha kusoma.

"Utakwenda visiwani, upande wa Mbwera," akasema. "Watoto wanaharisha kule. Hesabu vyoo. Wafundishe kuchemsha maji na kufunika. Kisha rudi."

"Basi hivyo tu?"

"Ukiwafundisha wakachemsha, wewe umemaliza kazi ambayo mimi imenishinda miaka minane."

Nikamhurumia. Nikajisemea moyoni: ndiyo maana nchi haiendelei. Kuchemsha maji hakupigiki picha.

Nilivuka kutoka Nyamisati kwa boti ya mnunuzi wa kamba, wale wa baharini, nimekaa juu ya kasha la barafu, suruali imelowa mpaka heshima imeondoka. Kitongoji nilichopelekwa kilikuwa kwenye kisiwa kidogo, nyumba chache za udongo na makuti, mashamba ya mpunga nyuma yake, na mikoko kila upande. Mpunga ulikuwa umevunwa tayari. Mwenyekiti wa kitongoji akanipa chumba na mkeka, na asubuhi yake nikatoka na daftari kwenda kutafuta tatizo.

Nililipata mapema kuliko nilivyotarajia. Katikati ya kitongoji palikuwa na kisima kimoja. Ukikiita kisima unakitukuza. Kilikuwa shimo la duara, kuta zake zimezuiwa kwa fito za mikoko, maji yake yako karibu mno hata ukipiga magoti unayafikia kwa mkono. Juu yake kipande cha kuti. Pembeni kata moja, kifuu cha nazi chenye mpini wa mti, ambayo kila mwanamke aliichotea na kuirudisha. Kila walichotukataza darasani kilikuwa pale. Nikapiga magoti, nikafunga jiwe kwenye uzi, nikalishusha kupima kina.

"We! Unatia nini humo?"

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani.

"Shikamoo, bibi. Napima kina."

"Marahaba. Kina cha nini, unataka kujizamisha? Kisima hiki hata panya hakimzamishi. Umetokea wapi weye?"

"Chuo kikuu."

"Sijakuuliza shule. Kwenu wapi?"

"Tabora."

Akatua ndoo. Akapiga makofi, akawageukia wanawake waliokuwa foleni. "Jamani njooni! Mnyamwezi! Mpagazi kapotea! Haya, baba, zile pembe za ndovu uliziweka wapi?"

"Nimezificha shambani kwenu," nikamjibu. "Najua hamtafika huko."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu hapo nikawa mtani. Msomaji wa bara na wa pwani anajua maana yake: naweza kuingia jikoni kwako nikafunua sufuria ya wali, naweza kukuita mvivu mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa. Niliufurahia sana. Chuoni hakuna aliyepata kunicheka kwa mapenzi.

Kisima kilikuwa cha yule bibi. Si kwa hati. Alikirithi kwa mama yake, aliyekirithi kwa mama yake. Waume wawili aliwazika hapo kisiwani, mtoto hakujaliwa. Kaka zake walikuwa wamehamia barabarani, na watoto wao walikuwa Umwe, huko bara, wakilima. Yeye alibaki kwa sababu ya lile shimo. Waliochota hawakumpa chochote mkononi. Wakati wa kupalilia walimpalilia, wakati wa kutwanga walimtwangia, na samaki wakija nyumba yake haikurukwa. Mwanamke peke yake, asiye na mtoto, aliishi katika kile kisiwa kama mtu mwenye watoto kumi. Aliniambia mwenyewe, akisonga ugali: "Siku kisima kikifa, mie ndiyo hivyo tena. Nitakuwa wa kutupiwa makombo uani kwa mtu."

Na alikitunza. Kila alfajiri baada ya swala alichota kidogo, akayagusa kwa ncha ya ulimi, akafikiri. Siku nyingine alisema, "Haya, njooni." Siku nyingine, hasa maji ya bahari yakiwa ya bamvua, yamejaa kupita kawaida, alikifunika na kusema, "Leo kimechoka, mpaka jua lipande." Hakuruhusu ndoo kutumbukizwa, kwa kata tu, polepole, kwa zamu. Fito zikioza alizibadili mwenyewe, na hakuruhusu mtu kukwangua mchanga wa chini hata kiganja kimoja.

Katika kisanduku cha tatizo nikaandika: "Chanzo cha maji kifupi, kisicho salama, kilichogubikwa na imani potofu."

Imani potofu! Leo mtoto wa kidato cha nne mwenye kitabu kizuri cha jiografia anaweza kueleza alichokuwa akikifanya bibi. Chini ya kisiwa kama kile kote ni chumvi. Maji ya mvua yakinywea mchangani hukaa juu ya yale ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, tabaka jembamba tu. Ukichota juu, taratibu, unakunywa. Ukichimba, unalitoboa. Sisi tulifundishwa visima kwa mfano wa Dodoma, ambako dawa ya kisima kibaya ni kuongeza kina, na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari, sikusahau chochote nilichofundishwa.

Nikaanza kampeni. Jioni kwenye baraza la mwenyekiti nilichora kisima cha kisasa kwenye karatasi kubwa: kirefu kuliko mtu, kimejengewa pete za zege, kina mfuniko, sakafu ya saruji, ndoo na kamba. Wanaume wakapenda. Zilikuwepo pete tatu Nyamisati, mabaki ya mradi uliokufa, na mnunuzi wa kamba akakubali kuzivusha kwa boti yake kwa vile alitaka maji mengi ya kuoshea makasha. Kila kitu kilijipanga upesi mno. Siku hizi jambo likijipanga upesi namna hiyo huwa naogopa. Wakati ule niliona ni baraka.

Bibi alinipinga kwa utani, kama alivyosema mambo yote.

"Mnyamwezi, ukichimba humo utakunywa mkojo wa papa."

"Bora wa papa kuliko huu wa panya tunaokunywa."

"Huko kwenu maji mnachimba kwa sababu mmenyimwa na Mungu. Sisi katuwekea juu, tusijichoshe."

"Nyie hata angewawekea mdomoni, mngesubiri awamezeshe."

Watu wakacheka, tukacheka. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikisimulia kisa hiki hivyo hivyo, kwenye semina, kwenye meza za bia: jinsi bibi mmoja alivyonionya kwa mzaha nami nikadhani ni mzaha. Watu hutikisa vichwa. Kuna aliyeniomba akiweke kwenye mada yake kuhusu mawasiliano na jamii. Ni kisa kizuri, na kina kasoro moja tu, kwamba si kweli.

Kweli ni hii. Asubuhi ya kuchimba, vijana wameshika majembe, fundi kutoka Kibiti anakoroga saruji, wanawake wamejaa, yeye alikuja akasimama mbele yangu. Hakucheka. Hakuniita Mnyamwezi. Akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika:

"Mwanangu, nakuomba. Usichimbe. Mama yangu aliona kisima cha ng'ambo ile kikichimbwa. Yaliingia chumvi, na watu wakahama. Sikutanii."

Majembe yakasimama. Fundi akaacha kukoroga. Niliwaona vijana wakitazamana, na mwenyekiti akijikuna kidevu. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikikaa kimya kidogo tu, kazi imekufa. Msimamizi wangu wa chuo alikuwa aje baada ya siku sita. Kisanduku cha matokeo kilikuwa kitupu.

Nikageukia watu nikatabasamu.

"Jamani, msimsikilize. Mtani wangu anaogopa tukichimba sana tutaibukia kwenye mifupa ya waume zake!"

Kikapasuka kicheko. Kicheko kikubwa, cha kukomboana, kama watu waliobanwa kifua wakaachiwa. Fundi alilazimika kushika sepetu asianguke. Yeye akanitazama. Sheria ya utani anaijua kuliko mimi. Ndiye aliyeniingiza ndani yake. Mbele ya watu wale hakuwa na njia ya kukasirika, na kurudia maneno yake baada ya kicheko kile ingekuwa kununa. Akacheka naye. Aliinua mkono akaniambia, "Na wako nitauweka juu yao," watu wakacheka zaidi, akaenda kukaa kwenye kivuli cha nyumba yake. Vijana wakachimba.

Sikumwelewa vibaya. Nilimwelewa nikamfunga mdomo kwa desturi yake mwenyewe. Shahada yangu ilikuwa bado miaka miwili mbele, lakini siku ile nadhani nilikuwa nimeshahitimu.

Maji yalitoka mengi, yakawa meupe ya udongo, yakatulia, yakang'aa. Vijana walizamisha pete tatu, fundi akamwaga sakafu. Ndoo ikaingia, ndoo ikatoka. Zamu ikafa siku hiyo hiyo. Nani asubiri zamu penye maji hivyo? Mnunuzi wa kamba akaosha makasha yake yote. Bibi alichota kwa ndoo kama wengine. Alfajiri nilimwona bado akionja.

Msimamizi alifika siku aliyosema, amevaa viatu vya ngozi, amechafuka roho kwa mawimbi. Alikaa kisiwani muda wa mtu kula na kunawa. Akapewa kikombe cha maji ya kisima kipya, akanywa, akasema, "Safi kabisa." Akapiga picha: kisima, mimi, sakafu ya saruji, mimi tena. Kisha akataka mwanajamii. Bibi akaitwa asimame kando ya mfuniko.

"Mama, unaonaje maendeleo haya?"

"Naona huyu mpagazi wako kafika na mzigo wake," akasema. "Tungoje tuone kabeba nini."

Msimamizi akacheka sana, akaandika jambo kwenye daftari. Nilipata A. Ile picha ilibandikwa kwenye ubao wa idara, nao waliotufuata wakawa wanaonyeshwa namna ya kufanya fildi. Chini yake palipigwa taipu: "Mnufaika akiwa kwenye kisima kilichoboreshwa." Mimi mwenyewe sikubakizwa chuoni. Alibakizwa mwenzangu wa kiwanda cha bia.

Bamvua ilikuja juma lililofuata. Asubuhi moja bibi aliniita mlangoni kwake. Alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni.

"Karibu, bwana. Onja."

Niliyashtukia yale maneno kabla ya maji. Hakuwa amepata kuniita bwana.

Nikaonja. "Kidogo tu," nikasema. "Yatatulia."

"Inshallah, bwana."

Hayakutulia. Siku ya tatu wali uliopikwa bila chumvi ulikuwa na chumvi. Siku ya tano watoto waliyatema. Nikawaambia wapumzishe kisima, wakakipumzisha. Nikawaambia wakombe maji yote yaliyomo yaje mapya, wakakomba kutwa nzima, yakaja mapya makali zaidi. Vijana wakang'oa pete, wakarudisha mchanga kwa mabeseni mpaka kina cha zamani. Mchanga ulirudi, maji matamu hayakurudi. Vitabu vinasema kisima cha namna hiyo huweza kupona, mvua nyingi zikinyesha juu yake kwa miaka. Sikwenda kuangalia.

Maji yakawa yanafuatwa kisiwa cha pili kwa mtumbwi. Wanawake walitoka na maji kupwa, wakarudi na maji kujaa, siku imekatika katikati. Watoto wao waliharisha kama kwanza, na kuchemsha sikuwa nimewafundisha. Hakuna aliyenitukana. Waliendelea kunitania, kwa sauti ya chini kidogo: "Mnyamwezi, tutafutie na kisima cha sukari." Mwenyekiti aliniambia nisijali, ni kudra.

Ila kwa bibi hakuna aliyekuja tena kutwanga. Si kwa ubaya. Mikono ilikuwa kwenye makafi. Nilimwona akitwanga mpunga wake mwenyewe, anapumzika, anatwanga. Nilikwenda kumpokea mchi. Akaniachia, akaniletea kiti, akanishukuru. Nilitwanga huku nikingoja aseme kwamba Wanyamwezi wanatwanga kama wanaua nyoka, au lolote. Alisema, "Ahsante, bwana. Umenisaidia." Nikakumbuka namna watu wa Kibiti wanavyomwambia bwana afya "ndiyo, bwana", "sawa, bwana", huku wakimpisha apite.

Muda wangu ulipokwisha, boti iliyonileta ndiyo iliyonichukua. Nilipanda nikamkuta bibi amekwisha kukaa, pembeni ya makasha, na tenga la kuku, sufuria zilizofungwa kwa kanga, na mkeka. Alikuwa anakwenda Umwe, kwa mtoto wa kaka yake. Yeye na mke wa huyo mtoto wa kaka hawakuwa wakielewana, hilo kisiwa kizima walilijua. Nyumba aliiacha na mlango umefungwa kwa kamba ya ukindu.

Boti ilijaa watu wa kisiwani waliokuwa wanakwenda gulioni. Tulikaa ana kwa ana, magoti yanakaribia kugusana. Mlango wa kwanza wa mikoko ukapita, wa pili ukapita. Sikuweza kuuvumilia ule ukimya. Nikainuka nusu, nikashika ukingo, nikasema kwa sauti watu wasikie:

"Bibi, nanyi mmezidi! Sasa ukiondoka wewe, nani atabaki kisiwani kuwafundisha watu kulala mchana?"

Boti nzima ikageuka. Niliona nyuso zimeshajiandaa kucheka. Zinangoja tu jibu lake. Niliomba Mungu anitukane. Anitukanie mama, anitukanie ukoo, aseme kuhusu mifupa.

Akapanga vizuri kanga yake kichwani.

"Ni kweli, bwana," akasema kwa upole. "Na wewe Mungu akujaalie, umalize masomo yako salama."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akakohoa, wengine wakageuka kutazama maji. Nahodha alikuwa nyuma yangu na mkono kwenye mashine. Akanigusa begani.

"Kaa chini, bwana afya," akasema. "Unatuyumbishia boti."